Kilomita Zilizomwagwa Lingunde

Abiria wa ndege ya saa nane walikuwa wamelalamika tena. Kutoka Songea hadi Mtwara ni dakika kumi na mbili angani, lakini mama mmoja mwenye haraka zake alikuwa ameandika kwenye kishikwambi cha maoni kwamba kampuni inawachelewesha watu, na kwamba kwa safari fupi namna ile haoni sababu ya kufungishwa mkanda. Osmunda Ngonyani aliyasoma maoni hayo akiwa amesimama. Tangu asubuhi kiti kilikuwa hakikaliki. Akikaa goti linacheza, akisimama anajikuta dirishani.

Binadamu haridhiki, basi. Enzi za ndege za mafuta safari hiyo ilikuwa saa moja na robo kwa siku njema, na watu walishuka Mtwara wakimpa rubani mkono. Sasa ubao wa jengo la abiria uliandika kwa taa za kijani: SONGEA–MTWARA, KILOMITA 41. Watoto wa Songea waliozaliwa baada ya mkunjo walidhani bahari iko nyuma tu ya vilima vya Matogoro.

Ukweli ni kwamba kati ya viwanja hivyo viwili kuna kilomita zinazokaribia mia tano, na hazijaenda popote. Kazi ya Osmunda ilikuwa kuzikunja. Kibanda chake kilisimama peke yake upande wa mashariki wa uwanja, chini ya mlingoti wa Kampuni ya Mkato, na mlingoti mwenzake ulikuwa Mtwara. Ndege ikiwa tayari, alizungusha ufunguo, akavuta kishikio hadi kifuani, na namba kwenye kioo zikaanza kushuka: mia nne tisini na saba, mia tatu, mia moja, arobaini na moja. Nje hakuna kilichoonekana. Ulisikia ganzi kidogo kwenye meno, basi. Ndege ikishatua upande wa pili, anaachia.

Sasa, ukikunja khanga kiunoni, kitambaa hakipungui, kinajazana mahali. Kilomita nazo ni hivyo hivyo. Zile zilizotolewa kwenye njia ya ndege lazima zilale mahali fulani ardhini, chini ya njia hiyo, na wakunjaji waliliita jambo hilo kumwaga. Zilimwagwa katika bonde la Lingunde, huko Tunduru. Kampuni iliapa kwamba ndege ikitua tu, ardhi hujirudi yenyewe. Ni kweli hujirudi, ila kama mpira wa sketi ya zamani, taratibu mno, na ndege zilikuwa nne kwa siku.

Na Lingunde ndiko alikooa mdogo wake, Thadei, na mkewe sasa alikuwa akisubiri kujifungua.

Simu ilipolia alijua ni yeye kabla hajaitazama.

"Dada, shikamoo." Thadei alikuwa anahema.

"Marahaba. Mbona unahema hivyo? Wifi anaendeleaje?"

"Tuko naye njiani. Uchungu ulimshika alfajiri. Tumembeba kwa machela, tunampeleka zahanati."

Osmunda alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inaelekea saa tisa alasiri. "Tangu alfajiri? Thadei, zahanati si ile ng'ambo ya mto? Siku ya harusi yako mimi mwenyewe nilitembea njia hiyo na viatu vya kisigino."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Pikipiki je?"

"Pikipiki ziliacha kuja zamani. Mafuta yanaishia njiani." Nyuma yake sauti za wanaume zilisikika wakipokezana machela. "Bati la zahanati naliona, dada. Naliona kabisa linavyong'aa. Tunalikaribia, nasema haya, tumefika, halafu linarudi nyuma. Asubuhi limerudi. Saa nne limerudi. Saa nane hii limerudi tena, na Sharifa ameacha kupiga kelele. Bora alivyokuwa anapiga kelele."

Ndege ya asubuhi. Ndege ya saa nne. Ndege ya saa nane. Zote alikuwa amezikunja yeye, kwa mikono hii hii iliyoshika simu, na ya saa nane aliikunja huku anapiga miayo.

"Kwa nini hamkusema?" Alijikuta anafoka. "Watu wa kampuni walikuja huko kuuliza. Walipita nyumba kwa nyumba!"

"Walikuja, ndiyo. Waliuliza zahanati iko umbali gani. Tukawaambia si mbali, ni hapo tu."

"Hapo tu!"

"Sasa dada, mgeni amesimama juani, viatu vimejaa vumbi, anakuuliza kuna umbali gani. Utamwambia ni mbali? Si utakuwa umemfukuza?"

Osmunda naye alikuwa amelelewa hivyo hivyo. Angeulizwa yeye angejibu vile vile, tena angeongeza kwamba kuna kivuli njia nzima. Watu wa Lingunde hawakuwa wamesema uongo. Walikuwa wamekaribisha wageni. Kampuni ikalichukua jibu lao kama lilivyo, ikaondoka nalo, na tangu siku hiyo ikamwaga kilomita zake kwa roho nyeupe.

"Mimi si mgeni," alisema kwa sauti ya chini. "Niambie ukweli. Imebaki kiasi gani?"

"Isiporudi tena, tutafika kabla jua halijazama. Ikirudi... Ikirudi, dada, basi."

"Haitarudi. Ndege ya jioni nitaizuia. Tembeeni."

Alikata simu akiwa amekwisha kutoa ahadi, na hajui ataitimizaje.

*

Hakupewa hata nafasi ya kulifikiria. Mlango ulifunguliwa bila hodi, akaingia Daktari Winfrida Haule, koti lake jeupe lina damu kwenye mkono mmoja.

"Osmunda, nina mgonjwa kwenye ndege ya dharura. Fundi bati, kijana, anaitwa Ponsiano. Ameanguka kutoka paa la kanisa na damu inavujia ndani ya kichwa. Mtwara wameshaandaa chumba cha upasuaji. Mbona hukunji?"

"Una muda gani?"

"Saa moja. Labda pungufu."

"Bila mkunjo je?"

Daktari alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anaweza kuruka kwa mabega yake. "Ndege ni ya betri. Bila mkunjo haifiki hata nusu ya njia. Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Alilijua. Nani angeendelea kulisha ndege kubwa ya mafuta, na Mtwara iko kilomita arobaini na moja? Ndege za zamani ziliuzwa, marubani wake wakawa wakulima wa kahawa Mbinga. Umbali mrefu ulikuwa umesahauliwa kiasi kwamba hapakuwa na chombo hata kimoja cha kuuvuka.

"Wifi yangu yuko kwenye machela," Osmunda alisema. "Lingunde. Ndiko tunakomwaga. Kila nikikunja, zahanati inarudi nyuma. Wamekuwa njiani tangu alfajiri, na mimi ndiye ninayewarudisha."

Daktari Winfrida aliketi kwenye kile kiti kisichokalika. "Mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza. Na ameacha kupiga kelele."

Daktari alifumba macho. Hakuhitaji kufafanuliwa. Alipoyafumbua alionekana amezeeka kidogo.

"Usiniulize mimi," alisema. "Wangu namwona. Ana vumbi la bati kwenye kope na mama yake ameshika mguu wake, haachii. Huyo wako simwoni. Ukiniuliza nitasema huyu ninayemwona, na nitakuwa nimekosea, na kesho nitasema vile vile."

Osmunda alizunguka chumba. Alimkasirikia daktari kwa kuwa mkweli. Alimkasirikia Ponsiano kwa kupanda paa la kanisa alasiri, bati likiwa la moto. Alimkasirikia Thadei kwa adabu yake, na zaidi alijikasirikia mwenyewe, aliyeitazama ramani ya Lingunde kila siku na kuiona kama doa la rangi ya njano. Lakini hasira haikunji wala haikunjui, na muda ulikuwa unakwenda.

Redio iliunguruma. Alikuwa ni Bwana Mapunda, meneja wa kampuni, kutoka jengo la abiria. "Osmunda, ndege ya wagonjwa imeshafunga milango. Mkunjo uko wapi?"

"Bosi, kuna watu njiani Lingunde."

"Lingunde kuna watu kila siku," Mapunda alisema. Hakuwa anakejeli. Alisema kama mtu anayemtuliza mwenzake, na hilo ndilo lililomchoma Osmunda kuliko tusi.

*

Kwenye kioo, mahali pa kumwagia palionyeshwa kwa nukta ya njano. Mkunjaji aliweza kuisogeza kwa kidole, ingawa hakuna aliyewahi kumwona mwenzake akifanya hivyo. Osmunda aliisogeza.

Aliijaribu mitaa ya mjini Songea. Nukta ikawa nyekundu, ikagoma. Huko wanakaa wakata tiketi. Akaipeleka kwenye msitu wa mpakani, mahali pasipo na nyumba. Ikagoma pia. Mwanzoni kampuni ilimwaga huko, tembo wakawa wanachoka kabla ya kufika majini, na watu wa wanyamapori wakaja juu mpaka pakafungwa. Tembo wana watu wa kuwasemea. Bahari haishiki kilomita, kila mkunjaji anajua hilo. Akarudi huku na huku juu ya mstari wa njia ya ndege, na kila alipogusa palikuwa pamefungwa, au palikuwa na kijiji kingine kama Lingunde ambacho jina lake hakulijua. Kidole kilisimama juu ya kimoja. Angeweza. Wale si ndugu zake, na hakuna ambaye angempigia simu kutoka kwenye machela. Alikaa hapo kwa muda ambao baadaye aliuonea aibu, kisha akakiondoa kidole.

Ikabaki duara ndogo chini kabisa ya mlingoti wa Songea. Mafundi waliousimika mlingoti waliitumia kufanya majaribio, wakimwaga mita chache na kuzipima kwa kamba, na walipoondoka hawakuifunga. Duara hiyo ilikizunguka kibanda pande zote. Njia ya kurukia ilikuwa nje yake. Jengo la abiria lilikuwa nje yake. Ndani yake mlikuwa na majani, tangi la maji, na yeye.

Nukta ilipotua pale, ikabaki ya njano.

Osmunda aliogopa. Kilomita mia nne hamsini na sita, zote, zinalazwa kati ya mlango wake na uzio. Lingunde zilitandazwa bonde zima, na bado zilimla mtu siku nzima. Hapa zingelundikana mahali pamoja.

"Daktari, toka. Kapande ndege."

"Umeamua nini?"

"Namwaga hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa niliposimama. Toka sasa hivi, la sivyo tutabaki wawili na mgonjwa wako atasafiri na mama yake tu."

Daktari Winfrida aliitazama nukta, akamtazama Osmunda, akaelewa. Hakusema asante. Alimshika mabega, akamtikisa kama mtu anayemwamsha mwenzake, kisha akakimbia. Osmunda alimtazama dirishani mpaka alipovuka majani, akafika kwenye lami, akapanda ngazi ya ndege na mlango ukafungwa nyuma yake.

Alizungusha ufunguo na kuvuta kishikio. King'ora kikalia. Ganzi ilimpanda kutoka kwenye meno hadi masikioni, haijawahi kuwa kali namna ile, na namba zikaanza kushuka.

Mapunda alikuwa ameona nukta kwenye kioo cha ofisini kwake. Alitoka jengo la abiria mbio, tai imerukia begani, akipunga mikono na kupiga kelele. Alikuwa mtu mnene lakini alikimbia vizuri, na alipofika kwenye majani alikuwa karibu kiasi kwamba Osmunda aliona vifungo vya shati lake. Kisha akaanza kuwa mdogo. Hakupunguza mwendo hata kidogo. Alikimbia kwa nguvu zake zote kuelekea kibandani, na kila hatua ilimpeleka mbali zaidi, akawa kama mtoto, kisha kama kuku, kisha nukta. Jengo la abiria likazama pamoja naye. Yakabaki majani, na majani, na anga.

Ndege ilipaa kutoka ukingoni mwa macho yake, ndogo kama inzi. Osmunda alishikilia kishikio kifuani dakika zote kumi na mbili, mpaka mkunjaji wa Mtwara aliposema redioni kwamba magurudumu yamegusa na mgonjwa anashushwa akiwa hai. Hapo ndipo alipoachia.

*

Thadei alipiga simu jua likiwa bado halijazama. Simu ya kibandani ilikuwa ya setilaiti, haikujali nani yuko umbali gani. Osmunda alisikia kilio cha kitoto kichanga, kikali, cha mtu aliyesumbuliwa safari ndefu na anataka kujua ni nani wa kulaumiwa.

"Wa kike," Thadei alisema hatimaye. "Sharifa ametokwa na damu nyingi, lakini muuguzi anasema tumemuwahi. Lile bati halikurudi, dada. Tulitembea tukafika. Watu wanatembea wanafika!"

"Mpe wifi pole na hongera. Nitakupigia baadaye, kuna mtu redioni."

Mtu huyo alikuwa Mapunda. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukimbia. Hakugomba tena, alikuwa anabembeleza.

"Osmunda, sikiliza. Mtwara wako tayari. Zungusha ufunguo wako tu, tutakukunja utoke. Tunazimwaga Lingunde, mara moja hii tu. Wifi yako si ameshafika?"

"Lingunde kuna watu kila siku, bosi."

"Na kesho?" Mapunda aliuliza, na safari hii alikuwa anauliza kweli. "Kesho akianguka fundi mwingine? Ufunguo huo hauna mwenzake Songea nzima. Nimwambie nini mama yake?"

Osmunda aliliona swali ni la haki. Fundi wa kesho alikuwepo mahali fulani mjini, anakula chakula cha jioni, hajui kitu.

"Mwambie mnatafuta ndege inayoweza kuruka safari nzima," alisema.

"Ndege hizo hazipo tena!"

"Basi anzeni kuzitafuta leo. Waulizeni wale marubani wa Mbinga."

Aliuchomoa ufunguo, na kioo kikazimika. Hakujisikia shujaa. Alijisikia mtu aliyeuhamisha mzigo kutoka kichwa kimoja kwenda kingine na anaendelea kuhangaika usije ukaanguka. Daktari Winfrida alikuwa ametuma neno moja tu, kwamba Ponsiano yuko mezani bado. Angekaa pale kusubiri neno la pili angeingia wazimu.

Kampuni ilikitumia kibanda kama stoo. Kulikuwa na maboksi ya korosho za kuwagawia abiria, yamejaa vumbi, kwa sababu hakuna safari iliyokuwa ndefu kiasi cha kugawa korosho. Kulikuwa na madumu, na kitoroli cha mizigo kilicholetwa kutengenezwa kikasahauliwa. Aliyajaza madumu maji ya tangi lililoegemea kibanda, akayafunga kwenye kitoroli pamoja na maboksi, akatupia sweta juu. Ardhi ingejirudi kidogo kidogo, na yeye angetembea kidogo kidogo, na kwa hesabu hiyo wangekutana katikati. Alikuwa mlangoni Thadei alipopiga tena.

"Dada, nimesikia. Daktari wa Songea ameongea na muuguzi wetu hapa. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungegeuza machela."

"Ningegeuza," alikiri. Kisha akavuta kamasi. "Shangazi mtu ndiye anayemtoa mtoto nje siku ya arobaini. Wazee wa huku wameshauliza shangazi ni nani. Nimesema wewe."

"Akae mama mkwe wako amtoe. Thadei, mimi sijui nitafika lini."

"Hapana. Atakaa ndani mpaka ufike."

"Na arobaini ikipita?"

"Ipite. Hata akianza kutembea humo ndani, mlangoni hatoki bila wewe."

Osmunda alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na kicheko kikageuka njiani kuwa kitu kingine mpaka ikabidi ashike fremu ya mlango. Akajifuta uso kwa sweta. Akautia ufunguo kifuani, akaaga, akashika kitoroli na kukishusha kwenye majani. Gurudumu moja lilikuwa linavuta kushoto, akawa analirekebisha kila baada ya hatua chache.